Deni la Chakula Kilicholipiwa

Mwaka 2005 barua moja ilisomwa katika kipindi cha redio cha Ei Rokusuke, mtangazaji mkongwe wa Tokyo, na ikawagawa wasikilizaji. Ilimhusu mzazi aliyekwenda shuleni kwa mwanawe na ombi lililofanana zaidi na amri: mtoto asiambiwe kusema "itadakimasu" kabla ya chakula cha mchana. Sababu yake ilikuwa fupi. Ada ya chakula imelipwa. Hakuna aliyepewa sadaka.

Ei mwenyewe alikuwa na kisa chake na maneno ya chakula. Ndiye aliyetunga maneno ya wimbo wa Sakamoto Kyū wa mwaka 1961, wimbo wa mtu anayetembea akitazama juu ili machozi yasimdondoke. Mwaka 1963 ulipofika kileleni mwa chati za Marekani, wafanyabiashara wa muziki wa Magharibi walikuwa wameubatiza "Sukiyaki", jina la mlo wa nyama ya ng'ombe ambao haumo kabisa katika wimbo. Kwa hiyo alijua vizuri jinsi neno la mezani linavyoweza kuchukuliwa kirahisi na mtu asiyejua linabeba nini.

Wasikilizaji wengi walimshukia mzazi yule. Wapo waliomuunga mkono. Na kwa kweli hoja yake haifai kupuuzwa. Mkulima kauza mpunga wake, mvuvi wa vibua kalipwa mnadani, dereva wa lori ana ujira, mpishi wa shule ana mshahara. Kila mkono uliogusa chakula kile umekwisha kupata chake. Sasa anayedai ni nani?

Jibu limefichwa ndani ya neno lenyewe. Itadaki ni kilele cha mlima, au utosi wa mtu. Kitenzi itadaku kilimaanisha kukiweka kitu juu ya kichwa, kama alivyofanya mtu wa zamani alipopewa kitu na mkubwa wake: hakukipokea akakitia kibindoni, alikiinua juu ya utosi wake kwanza. Siku hizi hakuna anayeweka bakuli la wali kichwani. Mikono hukutanishwa kifuani, kichwa huinama kidogo, neno hutamkwa, vijiti huanza kazi. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo. Shikamoo nayo hufasiriwa kuwa ni "nashika miguu yako", na mtoto anayemwamkia bibi yake asubuhi hana habari kabisa na miguu ya bibi. Tendo limekufa, adabu imebaki ndani ya sauti.

Mlo ukiisha linakuja neno la pili, gochisōsama. Hili limejengwa juu ya maandishi mawili yenye maana ya kukimbia: mwenyeji aliyepanda farasi, akaenda huku na huko kutafuta kitoweo cha mgeni. Anayesema gochisōsama anashukuru mbio hizo. Hivyo mlo wa nyumbani umewekwa katikati ya maneno mawili, moja la kuinua na moja la kushukuru waliohangaika, na katika yote mawili hakuna jina la Mungu wala jina la mtu. Mshukuriwa hatajwi.

Hapo ndipo msomaji wa Lamu au Unguja atakaposimama kidogo. Bismillahi ina mwenyewe. Sala ya Mkristo kabla ya chakula ina mwenyewe. Mchinjaji anapomlaza mbuzi na kulitaja jina la Mola, anachukua ruhusa kwa Mwenye uhai, na ruhusa ikishatolewa, nyama ni halali na moyo umetulia. Japani hakuna mlango wa kubisha. Mafundisho ya Kibudha yaliyoingia visiwani humo katika karne ya 6 hayakumweka muumba anayewamiliki samaki na ng'ombe na kumkabidhi mwanadamu kisu. Kinyume chake, yalifundisha kwamba viumbe vyote huzunguka katika gurudumu moja la kuzaliwa na kufa, na kwamba mnyama aliye mbele yako huenda aliwahi kuwa mzazi wako katika maisha yaliyopita. Aliyekula bila ruhusa hawezi kusema amehalalishiwa. Anachoweza ni kushukuru na kuomba radhi, na radhi haina risiti.

Mezani kwenyewe pia kuna watu wengi kuliko wanaoonekana. Katika nyumba yenye butsudan, yaani kabati la madhabahu ya marehemu wa ukoo, wali wa kwanza kuchotwa asubuhi hauendi kwa baba wala kwa mtoto anayekimbilia shule. Unatiwa katika kibakuli kidogo chenye mguu, unawekwa mbele ya wazee waliotangulia, ubani unawashwa, kengele ndogo inagongwa. Baadaye unateremshwa na kuliwa na walio hai. Kuutupa ni aibu. Wakati wa Obon, marehemu wanaporudi kutembelea nyumba zao, familia nyingi huchomeka njiti nne katika tango likawa farasi na nne katika biringanya ikawa ng'ombe: farasi wa kuwaleta mbio, ng'ombe wa kuwarudisha polepole, kwa kuwa hakuna anayetaka waondoke haraka. Na mtoto akivisimamisha vijiti wima ndani ya wali hukemewa papo hapo, kwa sababu wali wa namna hiyo ni wa maiti, huwekwa kando ya kichwa chake.

Lipo pia sinia la asiyekuwepo, kagezen. Kijana akienda safari ya mbali, au vitani, mama alimpakulia kila siku kama kwamba yupo: wali, supu ya miso, kachumbari ya mboga zilizochachuliwa, kila kitu mahali pake. Kisha alifunua kifuniko cha bakuli. Matone ya mvuke yakiwa yameshikamana chini ya kifuniko, mwana ni mzima. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vifuniko vingi vilifunuliwa hivyo.

Chakula kinachoweza kutoa habari za mtu aliye mbali hakiwezi kuwa bidhaa tu. Lakini wasiwasi wa Wajapani juu ya uhai unaoliwa una historia ndefu, tena iliyojaa ujanja. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri ya kukataza nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa. Nguruwe mwitu na paa hawakutajwa, na orodha hiyo inaonyesha wazi kwamba wanyama wa kazi shambani walihofiwa kwisha pamoja na dhambi. Karne zilizofuata zilizidisha mwiko, na mwiko ukazaa lugha ya kujificha. Nguruwe mwitu akaitwa nyangumi wa mlimani, maana nyangumi alihesabiwa kuwa samaki. Nyama ya farasi ikaitwa ua la mcheri. Sungura wakahesabiwa kwa neno la kuhesabia ndege, na hadi leo sarufi ya Kijapani inawahesabu hivyo. Mwanadamu akitaka mchuzi, hata nahau hupinda.

Mwanzoni mwa 1872 ilitangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, na kile kilichokuwa najisi kikawa alama ya maendeleo. Haikupita bila damu: mwezi uliofuata wachamungu kumi waliovaa nguo za hija walijaribu kuingia kwa nguvu katika kasri la mfalme kupinga mambo hayo, na kadhaa wao wakauawa.

Aliyelitazama suala hili bila kujidanganya zaidi ya wengine, kwa maoni ya waandishi wengi wa dini, alikuwa Shinran, mtawa wa karne ya 13 aliyeoa hadharani na kula samaki hadharani. Kakunyo, kitukuu wake, alihifadhi kisa chake katika kitabu cha 1331. Watawa walialikwa karamuni Kamakura, pakaletwa samaki na nyama ya ndege. Kila mtawa alivua joho lake takatifu ndipo akala, kama vile joho lisipoona, dhambi haipo. Shinran alikula nalo mabegani. Mtoto wa miaka tisa, ambaye mapokeo yanasema ndiye Hōjō Tokiyori aliyekuja kuwa mtawala, akamuuliza kwa nini. Mzee akasema amesahau kulivua. Siku nyingine ikawa vile vile, na mtoto akauliza tena, naye akasingizia usahaulifu tena. Mara ya tatu mtoto hakukubali. Ndipo Shinran alipoeleza kwamba amekwisha kuutwaa uhai wa viumbe hawa na hana namna ya kuurudisha. Basi angalau awale akiwa amevaa joho la ukombozi, huenda baraka zake zikawafikia wao.

Jibu hilo halimtoi mlaji katika kosa. Linamwacha ndani yake, akiwa amevaa nguo yake rasmi. Dhehebu la Jōdo Shinshū lililotokana na Shinran ni miongoni mwa madhehebu ya Kibudha yenye wafuasi wengi zaidi nchini, na wengi hulihusisha na tabia ya kukutanisha mikono mbele ya chakula. Kusema itadakimasu kwa sauti moja, nchi nzima, shule kwa shule, ni jambo lililoenea hasa katika karne ya 20. Wanaolipigania kama urithi wa tangu na tangu wangeshangaa kujua jinsi lilivyo kijana.

Dōgen, aliyeishi wakati mmoja na Shinran, alilipata fundisho lake kutoka jikoni. Mwaka 1223 akiwa kijana alisafiri kwenda China kutafuta dini ya kweli. Jahazi likiwa bado bandarini, alipanda mzee wa miaka 61, mpishi mkuu wa monasteri moja ya mbali, aliyetembea tangu baada ya mlo wa mchana kuja kununua uyoga kwa wafanyabiashara wa Kijapani. Dōgen alimwomba alale, wazungumze. Mzee akakataa: kesho kuna mlo wa watawa, nani atapika? Kijana, kwa kiburi cha msomi, akashangaa mtu wa umri ule kujisumbua na masufuria badala ya kutafakari na kusoma. Mzee akacheka, akamwambia kwamba bado hajajua kufuata njia ni kitu gani. Akaondoka kabla giza halijaingia.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1237, Dōgen aliandika maagizo kwa wapishi wa monasteri, mojawapo ya maandishi machache ya dini duniani yanayochukulia kuosha mchele kama ibada kamili. Anataka mpishi aushike mchele kama anavyotunza mboni za macho yake, asipoteze punje, na asipike mchicha kwa moyo mdogo kuliko anavyopika kitu cha thamani. Katika monasteri ya Eiheiji, aliyoianzisha mwaka 1244 katika milima ya Fukui ya leo, mtawa hadi sasa huosha bakuli lake kwa maji moto na kipande cha kachumbari, kisha akayanywa maji hayo. Punje chache za wali hutengwa kabla ya kula kwa ajili ya roho zenye njaa.

Nyumbani, falsafa hiyo imeshuka ikawa kelele ya bibi: kila punje ya mchele ina miungu saba, ukiibakisha utapofuka macho. Neno lake ni mottainai. Sehemu ya kwanza ni hadhi au uzito wa kitu, sehemu ya pili inasema hadhi hiyo haipo. Mama wa Kiswahili anayemwambia mwanawe "usikufuru chakula" yuko karibu sana na maana hiyo, karibu kuliko mwanauchumi anayezungumzia upotevu wa rasilimali. Na ni Mkenya aliyelizungusha neno hilo duniani. Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, alikwenda Japani Februari 2005, akaambiwa neno hilo, akalipenda. Mwezi uliofuata, mkutanoni katika Umoja wa Mataifa New York, aliwafanya wajumbe walitamke pamoja. Ni mwaka ule ule wa barua ya ada ya chakula. Wakati neno moja la mezani linavuka bahari, jingine lilikuwa linapelekwa kwa mwalimu mkuu kushtakiwa.

Hata hivyo, kuheshimu punje ya mchele ni rahisi. Punje haikutazami.

Mwaka 1990 mwalimu kijana, Kuroda Yasufumi, aliingiza mtoto wa nguruwe katika shule moja ya msingi mkoani Osaka na kuwaambia wanafunzi wake 32 wa darasa la nne kwamba watamfuga, kisha watamla. Watoto walimjengea banda. Walimwosha, walimpa mabaki ya chakula cha shule, na wakampa jina, P-chan, jambo ambalo mfugaji yeyote angewaonya wasilifanye. Siku zikapita karibu 900. Nguruwe akawa mzito kuliko watoto watatu kwa pamoja, na darasa likafika mwaka wa kuhitimu. Wengine walitaka arithishwe wadogo zao. Wengine waliona huko ni kuwatupia wengine mzigo wao. Walibishana, walilia, walipiga kura, hawakuelewana, na mwisho mwalimu akabeba uamuzi. Mwaka 1993 P-chan alipelekwa machinjioni.

Darasa hilo lilionyeshwa katika televisheni, likaandikiwa kitabu na mwaka 2008 likatengenezewa filamu. Lawama hazikukosekana: kwamba ule ulikuwa ukatili kwa watoto. Labda. Lakini watoto wa nchi nzima walikuwa wakila nyama ya nguruwe mchana ule ule na kusema neno lile lile, na hakuna aliyeita huo ukatili. Kosa la Kuroda, kama ni kosa, lilikuwa kumpa mshukuriwa uso.

Shukrani isiyo na anwani ina hatari yake. Katika kijiji cha Kayoi, mkoani Yamaguchi, wavuvi wa nyangumi walijenga mwaka 1692 kaburi la vijusi vilivyokutwa matumboni mwa nyangumi waliochinjwa. Zaidi ya 70 wamezikwa hapo, kaburi likitazama bahari ambayo hawakuwahi kuiogelea, na hekalu la Kōganji liliwaandika nyangumi katika daftari la marehemu kwa majina ya Kibudha, kama wanakijiji. Mshairi Kaneko Misuzu, aliyezaliwa mwaka 1903 Senzaki, jirani na hapo, aliandika juu ya ibada ya nyangumi hao. Ni jambo la kugusa moyo. Ni jambo pia linaloweza kuuosha moyo mapema mno: ukishamwombea uliyemuua, kesho unaamka na chusa mkononi.

Na yupo mmoja aliyesahauliwa kabisa na shukrani hizo: mtu aliyeshika kisu. Kwa karne nyingi wachinjaji na watengeneza ngozi walitengwa kama watu najisi, wakaishi katika vijiji vyao, wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Amri ya 1871 ilifuta tabaka hilo kisheria, lakini kizazi chao, burakumin, kiliendelea kunyimwa kazi na wachumba. Katika soko la nyama la Shibaura, Tokyo, kuna ukumbi wa maonyesho unaoonyesha barua za matusi walizotumiwa wafanyakazi wa machinjio hayo. Ng'ombe anaombewa, mpunga una miungu saba, na mtu anayefanya kazi ambayo mlaji hawezi kuifanya anaandikiwa matusi. Mafundisho yote ya kuheshimu uhai yanakwama hapo, na hakuna sutra ya kuyakwamua.

Jikoni nyumbani usahaulifu ni wa namna nyingine. Mbio za gochisōsama, farasi au bila farasi, kwa kawaida zimekimbiwa na mwanamke. Ndiye aliyekoroga kwa mkono wake kila siku chungu cha pumba za mpunga cha kuchachulia mboga, chungu alichorithi kwa mama mkwe na ambacho huharibika akikisahau siku chache za joto. Ndiye aliyechemsha mwani na vipande vya samaki jodari mkavu kupata mchuzi wa msingi. Desemba 2013 UNESCO iliutambua upishi wa Kijapani, washoku, kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na sifa za supu moja na vitoweo vitatu zikamiminika. Mwaka 2016 mpishi Doi Yoshiharu alitoa kitabu kilichosema kitu karibu kinyume: nyumbani, wali, supu ya miso yenye mboga nyingi na kachumbari vinatosha. Kitabu kiliuzwa sana. Wanawake wengi walikipokea kama watu walioruhusiwa kukaa chini. Sifa kubwa kwa "ladha ya mama" ilikuwa imegeuka kuwa deni la mama mwenyewe, deni alilolipa mara tatu kwa siku.

Tukirudi kwa mzazi wa 2005, hata hesabu yake ilikuwa na kasoro. Sheria ya chakula cha shuleni ya mwaka 1954 inaweka gharama za jiko, vifaa na mishahara ya wapishi juu ya mamlaka inayoendesha shule. Mzazi huchangia gharama zinazobaki, hasa viungo vya chakula. Alikuwa amelipia mchele, samaki na karoti. Mikono haikuwa katika ankara yake. Na miaka ya karibuni manispaa nyingi, zikiwemo kata zote 23 za Tokyo, zimefuta ada hiyo, kwa hiyo hoja ya "tumelipa" imekosa hata mguu mmoja wa kusimamia.

Watoto wa zamu bado huvaa aproni nyeupe na kofia, wakabeba masufuria hadi darasani na kuwapakulia wenzao. Mmoja hutoa wito wa kukutanisha mikono, na darasa huitikia. Baada ya kula, katika shule zenye jiko lake, wa zamu hurudisha vyombo vitupu hadi kwenye dirisha la wapishi. Huinama, husema gochisōsama deshita kwa sauti ya pamoja, na mama aliye upande wa pili, glavu za mpira zikiwa bado zinatiririka maji, huacha kusugua sufuria na kuwaitikia.